Naomba ushauri: mtoto wa miezi 20 anatafuna kalamu za rangi

Habari zenu wazazi wenzangu. Binti yangu ana miezi 20 na anapenda sana kuchora, ila kila kalamu ya rangi huishia mdomoni. Nilimpa zile nyembamba za nta, akazivunja na kutafuna vipande. Nikahamia zile nene. Hazivunjiki haraka, lakini bado anazing'ata. Nilijaribu pia kumchanganyia unga, maji na rangi ya chakula apake kwa vidole. Hiyo aliipenda mno (na ukuta nao ukapata sehemu yake), ila siwezi kufua na kudeki kila siku jamani.

Upande wa vitabu nimetulia, namnunulia vya kurasa ngumu. Vichezeo navipima kwa bomba la karatasi ya chooni: kinachopenya humo simpi, kinaweza kumkwama kooni.

Sasa, maandishi ya "haina sumu" kwenye pakiti ya kalamu yanatosha kunitoa hofu, au nizifiche kwanza mpaka aache kutafuna vitu? Na mnawapaje rangi bila nyumba nzima kuchafuka? Mliopitia hili nisaidieni.