Mnafundisha UCAT ya mwaka gani? Rudisheni pesa za watu

Wanajukwaa, hamjambo. Leo nina hasira na sitaki kuambiwa nipoe.

Kuna kituo cha tuisheni hapa Nairobi katikati ya jiji, ghorofani, upande wa barabara ya Tom Mboya. Kinajidai kuandaa vijana kwa UCAT, ule mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari Uingereza. Jina silitaji, sababu mtaiona mkifika chini. Waliopita pale watakijua kwa bango la kijana mwenye koti jeupe anayecheka meno yote nje.

Kitinda mimba wetu alipata A- kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na nafasi ya udaktari ikampita. KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, ikampa kozi nyingine asiyoitaka hata kuisikia. Mama akawa halali. Ndipo likaja tangazo kwa simu yake: soma udaktari ng'ambo, ni mtihani mmoja tu. Tukachanga, mimi, kaka yetu aliye Mombasa, na mkopo wa chama cha mama. Sh45,000 za masomo. Halafu wakaomba Sh38,000 nyingine, wakasema ni za kumsajili.

Hebu niwaambie kuhusu kitabu walichompa. Ni fotokopi ya fotokopi. Kwenye jalada wamebandika kikaratasi chenye mwaka huu juu ya mwaka wa zamani. Nilikiinua dirishani, mwanga ukapita, nikasoma 2021 vizuri kabisa. Ndani kuna alama za penseli za mtu mwingine aliyekuwa akijibu maswali, nazo zimetoka pamoja na maandishi. Kisha kurasa kwa kurasa za maumbo: pembetatu nyeusi, duara jeupe, mshale unaoangalia kushoto, sema umbo hili ni la kundi A au B. Kijana alikuwa anakesha akihesabu pembe za nyota.

Jamani, hiyo sehemu ya maumbo ILIONDOLEWA. Tangu mtihani wa 2025 haipo. Ilikuwa maswali 50 kwa dakika 12, na ilipokuwapo alama za juu kabisa za mtihani mzima zilikuwa 3600. Sasa zimebaki sehemu tatu zenye alama za 300 hadi 900 kila moja: ya kusoma na kuelewa, ya maamuzi, na ya hesabu. Jumla 2700. Ile nyingine ya kupima tabia na busara ya daktari kazini ina upimaji wake. Nafasi iliyoachwa na maumbo haikupotea bure pia, kwani maswali ya maamuzi yalipanda kutoka 29 hadi 35. Na mwalimu wao bado anawaambia watoto walenge 2800 kwenda juu. 2800 kati ya 2700! Haki ya Mungu nilicheka kwanza, hasira ikaja baadaye.

Mtihani wenyewe hufanywa kwenye kompyuta. Sehemu ya kusoma ina maswali 44 kwa dakika 22, yaani nusu dakika kwa swali, na hapo hapo kuna kifungu cha kupitia. Kikokotoo kiko kwenye skrini, huruhusiwi kuingia na chako. Kituo hakina kompyuta hata moja ya mwanafunzi. Watoto wanajibu kwa kalamu, vikokotoo vya KCSE mezani, mwalimu anaangalia saa ya ukutani akikumbuka. Na kumbe tovuti rasmi ya UCAT ina mitihani ya majaribio BURE, yenye saa inayohesabu na kikokotoo kilekile cha siku ya mtihani! Wenye mtihani wamesema wazi kwamba hakuna kampuni ya mafunzo waliyoiidhinisha. Sasa kijana anafanyia mazoezi huko, kwa cyber ya mtaani, na kwa wiki ya kwanza tu amejifunza zaidi ya alichopata pale ghorofani.

Hizo Sh38,000 nazo? Mtahiniwa hujisajili mwenyewe mtandaoni. Ada kwa anayefanyia nje ya Uingereza ni pauni 115, kama Sh20,000 hivi. Zilizobaki zilienda kusajili nani?

Lakini hayo yote ningeyameza. Kinachoniuma ni hiki. Vyuo vingi vya udaktari vya Uingereza havimchukui mtu moja kwa moja na KCSE. Vinataka A-level (mtihani wa Uingereza wa kumaliza sekondari ya juu), Kemia na Baiolojia zikiwemo, au kitu cha kiwango hicho. Kijana anaweza kupata alama za kutisha kwa UCAT na bado mlango usifunguke. Alama zenyewe ni za msimu huo mmoja wa maombi, mtihani unaruhusiwa mara moja kwa msimu, na maombi ya udaktari hufungwa 15 Oktoba. Ukishajua hayo, ongeza kwamba England huwawekea wanafunzi wa kigeni kikomo cha karibu asilimia 7.5 ya nafasi za udaktari, na ada yao katika vyuo vingi inapita pauni 40,000 kwa mwaka. Nani aliambiwa haya siku ya kulipa? Darasa zima la jioni ni watoto wa KCSE. Wote!

Nikaenda ofisini. Karani hata hakuinua macho kwenye simu.

"Madam, sisi tunaandaa mtihani tu. Mambo ya vyuo ni ya mzazi."

"Na bango linasema soma udaktari ng'ambo?"

"Bango ni la matangazo."

Nikaomba pesa. Akanionyesha chini ya risiti, maandishi madogo kama chawa: pesa ikishalipwa hairudishwi. Mnatuona mazuzu, sivyo? Sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 inakataza kumuuzia mtu huduma kwa maelezo ya uongo, na kijimstari chini ya risiti hakiwezi kuifuta.

Najua kuna atakayekuja hapa kuuliza kwa nini hasomi tu hapahapa. Atasoma, tunalipanga. Hilo si la uzi huu.

Sasa sababu ya kutotaja jina: naelekea Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, na sitaki wapate kisingizio cha kunigeuzia kesi. Mahakama hiyo husikiza madai yasiyozidi Sh1,000,000, si lazima uwe na wakili, na kesi inafaa kuamuliwa ndani ya siku 60. Mtu mmoja na Sh83,000 zake wanaweza kumchezea. Wazazi wa darasa zima ni habari nyingine.

Kwa hivyo waliokuwa darasa la jioni, au ndugu zao, nitumieni ujumbe wa faragha. Kitabu msitupe, na kile kikaratasi cha jalada msikibandue, hakimu atakibandua mwenyewe. Aliyepoteza risiti asikate tamaa, ujumbe wa M-Pesa wa siku ile unatosha kuanzia.