Msekwoya wa pwani na msekwoya mkubwa: upi hasa ndio mti mkubwa kuliko yote duniani?

JaniBichi
Wakuu, naomba ufafanuzi. Kila nikisoma kuhusu miti mikubwa ya California nakuta majibu mawili: wengine wanasema Hyperion, wengine General Sherman, na yote inaitwa misekwoya. Ni mti wa aina moja? Na nikiokota kitawi kilichoanguka, nitajuaje ni cha upi?

MpimaMisitu
Ni ndugu, lakini kila mmoja na jenasi yake, yaani kundi lake la spishi. Hyperion ni msekwoya wa pwani, *Sequoia sempervirens*. General Sherman ni msekwoya mkubwa, *Sequoiadendron giganteum*. Kwa kimo, wa pwani hauna mpinzani: Hyperion, uliogunduliwa mwaka 2006, una karibu mita 116, na Sherman una mita 83.8 tu. Kwa ujazo wa shina kibao kinageuka. Sherman una mita za ujazo 1,487, na Hyperion haufikii hata nusu ya hizo. Anayekwambia "mkubwa kuliko yote" bila kutaja kipimo hajakujibu.

Porini haikutani. Wa pwani uko kwenye ukanda mwembamba kuanzia kusini-magharibi mwa Oregon hadi Big Sur kwenye pwani ya California, unakofika ukungu wa bahari wakati wa kiangazi, mvua ikiwa hakuna. Ukungu unanasa kwenye majani na kudondokea udongoni, na majani yenyewe hufyonza kiasi. Mkubwa uko mteremko wa magharibi wa milima ya Sierra Nevada, hasa mwinuko wa mita 1,400 hadi 2,150, na maji yake mengi ni ya theluji inayoyeyuka.

GomeNene
Kuhusu kitawi, wengi hutazama majani tu na hapo ndipo wanapopotea. Wa pwani una majani bapa kama sindano fupi, yamepangwa safu mbili kushoto na kulia. Mkubwa una vijani vidogo vyenye ncha kali, vimelizunguka tawi lote, ukivipapasa vinakwaruza. Tatizo ni kwamba majani ya kileleni mwa msekwoya wa pwani nayo ni mafupi na yamebana tawi kama magamba, kwa sababu huko juu maji hufika kwa shida. Upepo ukiangusha kitawi cha kileleni, utaapa ni cha msekwoya mkubwa.

Kwa hiyo tafuta koni, yaani kile kibebeo cha mbegu chenye magamba. Ya wa pwani ina sentimita 2 au 3. Ya mkubwa ina 4 hadi 7, ngumu, na inaweza kukaa mtini miaka 20 ikiwa bado mbichi na imefunga.

JaniBichi
Asante sana mkuu. Sasa huo ujazo wa 1,487 unapatikanaje bila kuukata mti?

MpimaMisitu
Kipenyo kinapimwa sehemu nyingi za shina, kutoka chini hadi juu, kisha ujazo wa kila kipande unakokotolewa na kujumlishwa. Njia ya mkato inadanganya. Shina la Sherman pale chini lina upana wa mita 11.1, ukilichukulia kama umbo la pia (duara chini, limechongoka juu) lenye kitako hicho, unapata kama mita za ujazo 2,700, karibu mara mbili ya ukweli. Ukichukua kipenyo cha usawa wa kifua, kama mita 7.7, unapata 1,300, yaani pungufu. Sababu ni umbo lenyewe: kitako kimetanuka kwa mizizi, halafu shina linapungua polepole mno. Mita 18 juu lina upana wa mita 5.3, na mita 55 juu bado ni 4.3!

Kimo cha miti mirefu kabisa ni bora kipimwe na mpandaji anayeteremsha futi ya utepe kutoka kileleni. Ukipimia chini kwa pembe, ukadhani kilele kiko wima juu ya kitako wakati mti umeinama, unakosea kwa mita kadhaa.

MotoNaMbegu
Nyongeza: Sherman si mnene kuliko yote. Kwa usawa wa kifua General Grant, msekwoya mkubwa mwingine, unauzidi, karibu mita 8.8.

Tofauti nyingine ni uzazi. Wa pwani ukikatwa huchipua upya kwenye kisiki. Mkubwa ukishakomaa hutegemea mbegu tu, na mbegu zinataka moto: joto hufungua koni, nazo huangukia udongo uliobaki wazi baada ya majani makavu na vijiti kuungua. Gome la hadi sentimita 60 huukinga mti wenyewe. Lakini moto ukipanda hadi kwenye matawi, gome halisaidii kitu. Moto wa msituni uliopewa jina la Castle, mwaka 2020, unakadiriwa kuua asilimia 10 hadi 14 ya misekwoya mikubwa iliyokomaa.

Na kama unapanga kwenda, nenda kwa Sherman, una njia rasmi. Eneo la Hyperion limefungwa kwa sababu wageni walikanyaga udongo wa mizizi. Ukikamatwa ni faini hadi dola 5,000 na kifungo hadi miezi sita. Hata hivyo ukisimama chini yake kilele hukioni.