Mkahawa wa Kiitaliano Malindi: samaki anauzwa kwa gramu, mizani haionekani!

Wadau, nimetoka kulipa bili sasa hivi na mori haujanishuka. Jina la mkahawa nalihifadhi.

Menyu imeandikwa: samaki mzima wa kuoka, 350. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani, ndipo unaona kuwa hiyo ni bei ya gramu 100. Sawa, hata Italia samaki huuzwa hivyo. Lakini mhudumu anayejiheshimu anakuletea samaki mbichi umwone, anampima, anakutajia bei, ndipo anampeleka jikoni. Sisi tuliletewa samaki aina ya changu, keshaokwa, na bili ikasema kilo 1.4. Shilingi 4,900! Changu mwenyewe tulimmaliza mimi na mke wangu, kisha tukaanza kugombania mkate. Nikamwambia mhudumu, "Kaka, lete mizani." Akanijibu, "Mzee, samaki si mmeshamla?"

Kijana wa watu simlaumu, katumwa tu. Aliyenimaliza ni meneja. Kaja na tabasamu lake, kasema uzito ule ni wa kabla ya kutolewa matumbo na magamba. Yaani nimelipia matumbo nisiyoyaona kwa bei ya mnofu.

Halafu meza ya jirani wazee wa Kiitaliano wakaletewa samaki mbichi kwenye sinia. Wakamfunua matamvua, wakaambiwa uzito na bei, wakaitikia kwa kichwa. Kumbe mizani ipo! Na utaratibu wanaujua! Waitaliano hawa tunaishi nao tangu enzi zao za kurusha setilaiti kule Ngomeni, jirani na Malindi, 1967 huko, mpaka wauza madafu wa ufuoni wanaongea Kiitaliano. Leo mwenyeji ndiye wa kukadiriwa uzito kwa macho?

Ngisi wa kukaanga ndio usiseme, kandambili ina afadhali. Kuuliza, naambiwa ni wa friza. Ingekuwa kusi, bahari imechafuka na mashua hazitoki, ningenyamaza. Lakini hii ni kaskazi, wavuvi wanateremsha samaki kila asubuhi, wewe unanilisha barafu? Huko kwao mkahawa ukitumia samaki wa friza lazima umjulishe mteja, ndiyo maana menyu zao huwa na kinyota kando ya jina la chakula na maelezo chini ya ukurasa. Kuficha ni kosa la jinai. Wakifika Malindi, kinyota kinaanguka baharini.

Piza sina neno nayo. Tanuri la kuni, unga umeumuka vizuri, kingo zimebabuka kidogo inavyotakiwa. Wangebaki kwenye piza tusingegombana.

Juu ya yote hayo, asilimia 10 ya huduma. Huduma ipi?

Kesho asubuhi napeleka risiti kwa maafisa wa vipimo. Aliyepigwa kama mimi aweke yake hapa, na anayetaka kuniambia "si ungeuliza bei kwanza" apite mbali na uzi huu.