Kuunda ĩ na ũ: ni programu ipi inayokuachia upange kanuni mwenyewe?

Wino_RiverRoad
Wenzangu, natayarisha fonti ya vitabu vya watoto vya Gĩkũyũ na Kikamba, nami nimekwama kwenye glifu (maumbo ya herufi) unganifu, yaani zile zisizochorwa upya bali huundwa kwa kurejelea herufi ya msingi pamoja na alama yake. Programu ikiniundia ĩ, wimbi (ile alama ~) hukaa juu mno. Na katika neno rũũĩ mawimbi yote matatu hugusana, yakaonekana kama uzi mmoja uliotandazwa juu ya neno. Ningependa kurekebisha kanuni yenyewe badala ya kusogeza glifu moja moja. Nalinganisha FontCreator, Glyphs na FontForge.

Mchora_Herufi
Ukitumia Windows, FontCreator huhifadhi kanuni hizo katika faili iitwayo CompositeData.xml, ambayo unaweza kuihariri. Ukishaandika kanuni mara moja, fonti zako zijazo nazo zitaifuata. Weka nakala ya faili ya awali kwanza, tafadhali. Programu yenyewe ni ya kulipia.

Nanga_Juu
Mimi napendelea Glyphs, ingawa inahitaji Mac. Unaandika idotless+tildecomb=itilde (i isiyo na nukta + wimbi = ĩ), kisha unaweka nanga, yaani nukta ya kushikizia alama, iitwayo top kwenye herufi na _top kwenye alama. Ukiisogeza nanga ya u, kila alama inayokaa juu ya u husogea nayo.

Kasuku_wa_Ngara
Ndugu Wino, kabla hujatoa hela, jaribu FontForge, ambayo ni ya bure. Hiyo hufuata mgawanyo wa Unicode (orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi msimbo wake), ambamo ĩ (U+0129) ni i pamoja na wimbi U+0303. Kwa hiyo chora kwanza i isiyo na nukta, U+0131, la sivyo utapata wimbi lililopanda juu ya nukta. Usiporidhika, hati fupi ya Python (lugha ya kuandikia programu) yenye amri ya addReference hukuruhusu kutaja sehemu na umbali wake. Ila ukifika kwenye Kidinka, lugha ya Sudan Kusini, ɛ̈ haina msimbo wake mmoja katika Unicode, hivyo hapo hutegemea nanga za kupachika alama wakati wa kuandika.

Wino_RiverRoad
Nashukuru. Nimejaribu FontForge kwa hati ya Python, na urefu wa wimbi sasa umekaa sawa. Kugusana kumebaki kwenye ĩ tu, kwa sababu i ni nyembamba kuliko wimbi lake. Nimechora wimbi la pili, fupi zaidi, na hati inaliita kwa herufi hiyo peke yake.