"Lipia tu nauli, utarudishiwa": leo siku ya 74 na sijarudishiwa kitu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na wala siifichi. Leo ni siku ya 74 nasubiri hela yangu ya safari. Malipo ya kazi yalishaingia, hayo sina ugomvi nayo. Ninachodai ni nauli, chumba cha siku tatu, teksi na mzigo wa ziada. Hela iliyotoka mfukoni mwangu ili shughuli ya mtu mwingine ifanyike.

Mimi napiga picha za video, najitegemea, sina ofisi nyuma yangu. Huyu mteja aliniita nikarekodi mkutano wao wa mwaka, mbali, safari ya ndege. Bei ya kazi tulikubaliana vizuri kabisa kwa barua pepe. Kuhusu safari akaandika hivi: "Lipia tu, tunza risiti, utarudishiwa." Nikaridhika. Maneno hayo matano ndiyo yaliyoniponza.

Niliporudi nilipanga risiti zote kwa tarehe, nikazigundisha kwenye karatasi, nikazipiga picha, nikatuma pamoja na ankara. Wiki mbili kimya. Kuuliza, naambiwa "ipo kwa mhasibu". Mhasibu akaja na yake. Kwanza, risiti ya teksi haisomeki. Kweli haisomeki, kwa sababu karatasi zile huchapwa kwa joto wala si kwa wino, na zikikaa kwenye pochi au mahali penye jua maandishi hupotea yenyewe. Lakini picha niliyoipiga siku ileile inaonyesha kila kitu: tarehe, saa, kiasi. Hapana, anataka halisi. Halisi imebaki karatasi nyeupe, nimtolee wapi nyingine?

Pili, na hapa ndipo niliposhindwa kulala, mzigo wa ziada hawaulipi kwa kuwa kamera, taa na stendi ni "vifaa binafsi vya mtoa huduma". Jamani. Zile taa zilisimama ukumbini kwao siku tatu mfululizo zikiwamulika viongozi wao. Bila taa hakuna picha, na bila picha hakuna kazi waliyoniitia. Kitu kinachobebwa kwa ajili ya kazi ya mteja kinakuwaje mzigo wangu binafsi?

Tatu, wazabuni hulipwa ndani ya siku 60 tangu ankara ipokelewe, na kwa kuwa yangu ilirudishwa kwa sababu ya risiti moja ya teksi, hesabu imeanza upya.

Niwaeleze kinachoniuma zaidi. Kulikuwa na mfanyakazi wao tuliyepanda naye ndege moja, tukalala hoteli moja. Tukiwa foleni ya ukaguzi akaniambia masurufu yake, yaani hela ya safari, yaliingia kabla hajafunga begi. Yaani mwenye mshahara kila mwezi hapewi nafasi hata ya kutoa hela yake, ila mimi ninayeishi kwa kazi moja moja ndiye ninayeambiwa nitangulize. Na tiketi nililipia kwa kadi ya mkopo. Benki haimsubiri mhasibu wa mtu, muda ukipita riba inaanza kutembea. Kwa hiyo mimi nalipa riba kwa ajili ya safari ya kampuni yenye idara nzima ya fedha. Huo ni mkopo. Nimewakopesha bila kuulizwa na bila riba, nao wananipangia siku ya kunilipa.

Siku 60 kwa ujira wangu naweza kuvumilia, maana ujira ndio ninaouza. Nauli siiuzi. Shirika la ndege lilichukua chake papo hapo.

Kuna wenzetu watasema, "ungeijumlisha kwenye bei mambo yakaisha." Nimefanya hivyo miaka. Kwa safari fupi unayoijua njia yake, sawa. Kwa safari ya ndege, mteja anasogeza tarehe mara mbili, tiketi inapanda, na tofauti unaibeba wewe kwa sababu ulishataja bei moja. Halafu mteja akikulinganisha na mtu anayeishi karibu na eneo la kazi, wewe unaonekana wa ghali wakati ujira wenu ni uleule. Gharama ya safari ikae mstari wake peke yake, aione. Na hilo la mstari lina uzito kwenye kodi pia. Mteja wangu mmoja wa zamani alikata kodi ya zuio, ile anayoikata mlipaji kabla ya kukupa chako, kwenye jumla yote ya ankara, nauli ikiwemo. Nikakatwa kodi ya kipato kwenye hela ambayo haikuwa kipato.

Wenye magari nao wanajua habari ya "njoo na gari lako, nitakuwekea mafuta". Mafuta ni sehemu tu. Mwaka 2025 mamlaka ya mapato ya Marekani iliweka kiwango cha senti 70 kwa kila maili ya safari ya kazi, na katika hizo senti 33 zilihesabiwa kuwa ni kushuka kwa thamani ya gari lenyewe. Karibu nusu! Na bado kuna matairi, oili, bima. Anayekujazia tanki na kukuambia mmemalizana amekulipa kipande.

Muda wa njiani ndio hautajwi kabisa. Siku nzima ya kwenda, siku nzima ya kurudi, hapo huwezi kupokea kazi nyingine, na kwenye ankara hizo siku hazipo. Mwaka 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kwa wafanyakazi wasio na kituo maalumu, muda wa kutoka nyumbani hadi kwa mteja wa kwanza, na kutoka kwa mteja wa mwisho kurudi nyumbani, ni muda wa kazi. Najua ile kesi ilikuwa ya walioajiriwa, tena haikugusa kiwango cha malipo. Lakini majaji waliona jambo ambalo wateja wetu hawataki kuliona: mtu aliye njiani kwenda kwako yuko kwako tayari.

Tangu mwezi uliopita nina ukurasa mmoja ninaoutuma kabla sijataja hata bei. Tiketi na chumba anunue mteja mwenyewe kwa jina langu. Teksi, chakula na mengineyo ni kiasi kwa siku tulichokubaliana, kinaingia kabla sijaondoka, na risiti haziulizwi. Mzigo wa vifaa ni wake, na nimeandika kamera, taa na stendi kwa majina ili asije mtu kuniambia ni vya binafsi. Siku ya njiani ni nusu ya ujira wa siku. Akiahirisha baada ya tiketi kukatwa, tiketi ni yake. Wawili wameshaukubali bila neno. Mmoja ameniambia "wenzako hawana mambo mengi hivi," na kazi akampa mwingine. Imeniuma, sitadanganya, ilikuwa kazi nzuri. Ila huyo mwenzetu aliyeichukua ajue kwamba nauli anayoimeza leo ndiyo wataitumia kutunyamazisha sote kesho.

Jana saa nne asubuhi wale wale wa siku 74 wamenipigia. Wana mkutano mwingine, mbali zaidi, na dada wa utawala akasema kwa upole kabisa, "tufanye kama ile mara ya kwanza, kaka." Nimemjibu kwa barua pepe nikaambatanisha ule ukurasa, na juu yake nimeweka ile ankara ya zamani pamoja na picha ya risiti ya teksi. Hadi naandika hapa hajajibu.

Kama kuna aliyewahi kudai riba ya ucheleweshaji kwa mteja na akalipwa, naomba aniambie aliandikaje barua yake. Yangu nataka itoke Jumatatu.