Methodi ya mistari 412 ya marejesho ya mikopo: naanzia wapi kuipasua?

kijana_wa_saccos

Wakuu, habari za majukumu.

Nimerithi mfumo wa SACCOS moja huku Morogoro. Umeandikwa kwa lugha ya PHP, juu ya Laravel. Aliyeuandika alishaondoka na simu yake haipatikani. Ndani kuna methodi (kipande cha programu chenye jina na kazi yake) inaitwa `chakataMarejesho`, mistari 412. Inapokea malipo ya mwanachama, inatafuta mkopo wake, inakokotoa adhabu ya kuchelewa, inakokotoa riba, inapunguza deni, inaandika kwenye daftari la hesabu, inatuma SMS, na hela ikizidi inaipeleka kwenye akiba. Vyote humo humo. Kuna sehemu mabano yamepandana hadi mstari unaanzia katikati ya skrini.

Bosi ameweka PHPMD na SonarQube, zana za kukagua ubora wa msimbo. PHPMD, kwa kuhesabu njia, inaipa methodi hiyo 47 na inataka isifike 10. Sonar, kwa kipimo chake cha ugumu wa kusoma, inaipa 139 na inataka isizidi 15. Kinachonichanganya ni methodi nyingine, `ujumbeWaKosa`, ambayo ni `switch` tupu (orodha ya machaguo) yenye `case` 38, yaani machaguo 38, kila moja inarudisha sentensi. Hiyo PHPMD inaipa 39 na inapiga kelele, Sonar inaipa 1 na imenyamaza kabisa. Sasa nimwamini nani?

Mwenzangu ofisini anapendekeza tuikate `chakataMarejesho` iwe `hatua1()` mpaka `hatua9()`. Tumeonja kwenye tawi la pembeni na namba zimeshuka kweli, ila kila kipande kinabeba parameta (thamani za kupokea) kumi na moja, na vingine vinapokea kwa `&` ili vibadilishe juu kwa juu. Bosi amefurahi. Mimi roho inasita.

Naomba mawazo yenu.

---

bi_saada

Kijana, roho yako iko sahihi. Isikilize.

Tuanze na namba, maana hapo ndipo watu wengi wanapigana bure. Ile ya PHPMD ni kipimo cha Thomas McCabe cha mwaka 1976. Unahesabu kila mahali programu inapochagua njia (`if`, `for`, `while`, `case`, `catch`, na kwa PHPMD hata `&&` na `||`), unaongeza moja, basi. Ile 10 aliipendekeza yeye mwenyewe kama kikomo cha kuridhisha, na hakusema ni sheria. Na ukitazama alichokuwa anakitafuta, namba ile inakuambia unahitaji walau majaribio mangapi ili kila njia ya msingi ipitiwe. Haikuambii mtu ataumia kichwa kiasi gani akiisoma.

Ya Sonar imekuja miaka arobaini baadaye kujaribu kujibu hilo la pili. `switch` nzima inahesabiwa mara moja, iwe na `case` tatu au mia. Ila ukitumbukiza kitu ndani ya kitu, unalipia kina. Chukua `if`, ndani yake `if`, ndani yake `foreach`, ndani yake `if`. Kwa McCabe hapo umeongeza 4. Kwa Sonar ni 1+2+3+4, yaani 10. Vitu hivyo hivyo vinne ukivipanga kimoja chini ya kingine, vipimo vyote viwili vinatoa 4.

Kwa hiyo usiulize nani mkweli. Tazama pengo kati yao. `ujumbeWaKosa` ina 39 kwa 1: ni ndefu lakini bapa, mtoto wa kidato anaisoma. Iache. Ikikukera, igeuze iwe safu ya ufunguo na sentensi, dakika chache tu, lakini usiitangulize. `chakataMarejesho` ina 47 kwa 139. Hapo tatizo ni kina kuliko urefu. Hata ungekuta mistari 412 iliyonyooka nisingeshtuka sana.

(PHPMD bila shaka imekulalamikia na NPath pia, idadi ya njia zote zinazowezekana, kikomo 200. Hiyo yenyewe inazidisha badala ya kujumlisha: `if` nane zinazofuatana, kila moja ikijitegemea, ni njia 256, wakati McCabe anaona 9 tu. Ukiona NPath ya mamilioni usizimie, ndivyo inavyohesabu.)

Sasa kupasua. Kabla hujagusa mstari hata mmoja, chukua malipo halisi kutoka kwenye hifadhidata, futa majina na namba za simu, yapitishe kwenye methodi ya zamani kama ilivyo, na uhifadhi kila kilichotoka: adhabu kiasi gani, riba kiasi gani, salio jipya, SMS iliyosema nini. Hayo ndiyo majaribio yako. Usiandike unachodhani kingepaswa kutoka, andika kinachotoka. Na usichukue malipo mepesi tu. Tafuta aliyelipa siku ile ile ya mwisho. Tafuta mwenye mikopo miwili, wa elimu na wa dharura, aliyelipa mara moja. Tafuta aliyelipa zaidi ya deni. Tafuta aliyelipa kidogo hata adhabu haikuisha. Kwenye mifumo ya mikopo, uozo unakaa hapo.

Halafu utakuta kitu. Nilipofanya kazi kama hii kwenye chama kimoja, majaribio yalionyesha riba inakatwa senti kabla ya kuzidishwa na siku, kwa hiyo mwanachama alikuwa akilipa pungufu kidogo kila mwezi. Mkono ukawasha nirekebishe pale pale. Nikaacha. Ukibadilisha mpangilio na hesabu kwa pamoja, siku mhasibu akikuuliza kwa nini salio la mtu limehama, hutajua ni lipi limelihamisha. Panga kwanza, hesabu ibaki vile vile na kosa lake. Kosa lipe komiti yake (badiliko linalohifadhiwa peke yake kwenye historia ya msimbo), na barua kwa meneja, maana hiyo ni hela ya watu na uamuzi si wa mtu wa kompyuta.

Kuhusu `hatua1` mpaka `hatua9`: hiyo ni kukata khanga katikati ya jina. Parameta kumi na moja ndizo zinazokuambia umekata pabaya. Pa kukatia panajulikana, na wala hapatoki kwenye PHP. Nenda kachukue masharti ya chama, yale yaliyochapwa na kugongwa muhuri. Utakuta kifungu kinasema malipo yatalipa adhabu kwanza, kisha riba, kisha mkopo wenyewe, na ziada itaingia akiba. Basi mgawanyo wako ndio huo:

```php
function gawaMalipo(int $kiasi, Mkopo $mkopo, DateTimeImmutable $leo): Mgawanyo
{
    $adhabu = min($kiasi, adhabuInayodaiwa($mkopo, $leo));
    $kiasi -= $adhabu;

    $riba = min($kiasi, ribaInayodaiwa($mkopo, $leo));
    $kiasi -= $riba;

    $msingi = min($kiasi, $mkopo->salio);
    $ziada  = $kiasi - $msingi;

    return new Mgawanyo($adhabu, $riba, $msingi, $ziada);
}
```

Ijaribu kichwani. Mama kaleta 150,000. Anadaiwa adhabu 6,000, riba 24,000, salio la mkopo 95,000. Inatoka 6,000, 24,000, 95,000, na 25,000 ya akiba. Akileta 20,000 tu: adhabu 6,000, riba 14,000, kwingine sifuri. Hakuna `if` hata moja. Hiyo `min` imebeba kazi ya yale mabano yaliyopandana ("kama kiasi kinazidi adhabu, basi, la sivyo…"). McCabe anaipa 1. Na haigusi hifadhidata wala haitumi SMS, kwa hiyo unaijaribu bila kuwasha chochote.

Kwa yanayobaki, pale juu kabisa toa wasiohusika mapema: mkopo haujapatikana, rudi, malipo haya yalishaingizwa, rudi, kiasi ni sifuri, rudi. Kila moja ya hizo ikitoka, kila kilichokuwa ndani yake kinasogea hatua moja kushoto, na Sonar inashusha namba bila wewe kuhangaika nayo.

Namna yangu ya kupima jina: nalisoma kwa sauti mbele ya mhasibu. `adhabuInayodaiwa` anaielewa. `hatua4` atakuuliza hatua ya kwenda wapi. Na jina likilazimika kuwa na "na" katikati (`kokotoaRibaNaTumaUjumbe`), bado hujamaliza kukata.

---

shabiki_wa_java

Bi Saada nakuheshimu, lakini hapa naomba kupinga kidogo. Mimi nimekutana na mifumo iliyopasuliwa mpaka basi. Methodi za mistari mitatu mitatu, kila moja inaitwa mara moja tu. Kufuatilia malipo ya mtu mmoja unafungua faili nane, na ukifika la nane umeshasahau ulikuwa unatafuta nini. Bora mistari 150 inayosomeka juu mpaka chini. Namba zote za kila methodi zilikuwa chini ya 5 na bosi alikuwa akichekelea, wakati ugumu ulikuwa pale pale, umehamia kwenye miito.

---

bi_saada

Hatupingani sana, kaka. Vipimo vyote hivi viwili vinatazama methodi moja moja, havioni safari kati ya methodi. Ndiyo maana nikasema akate kwa kufuata masharti ya chama, vipande vinne vitano, asikate kwa kufukuzia 10. `adhabuInayodaiwa` ikitoka na 13 kwa sababu masharti yenyewe yana siku za neema, yana kiwango tofauti kwa mkopo wa dharura, na yana msamaha wa likizo ya uzazi, mimi naiacha 13. Ugumu huo ni wa chama. Ukiuondoa hapo, umeuficha kwingine.

Ninachokukatalia ni hizo 150 za juu mpaka chini ikiwa ndani yake kuna `$kiasi` inayobadilishwa sehemu saba. Hapo utasoma mara tatu na bado hutajua kwenye mstari wa 120 ina thamani gani.

---

punda_wa_git

Naongeza dogo tu. Kabla ya kuamini ripoti ya Sonar kuhusu pa kuanzia, iulize historia ya git, zana inayotunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo:

```
git log --format= --name-only | sort | uniq -c | sort -rn | head -20
```

Hiyo inakupa faili zinazoguswa mara nyingi zaidi. Methodi yenye 139 ambayo haijaguswa tangu mfumo uanze na haijawahi kulalamikiwa, iache ilale. Yenye 30 inayobadilishwa kila mwezi ndiyo inayokula muda wenu. Ukitaka historia ya methodi moja:

```
git log -L :chakataMarejesho:app/Services/MarejeshoService.php
```

Isipokubali, ongeza `*.php diff=php` kwenye `.gitattributes`. Bila hiyo git haitambui methodi iliyo ndani ya klasi.

---

kijana_wa_saccos

Shukrani sana, wakuu. Nimeendesha ya git. `MarejeshoService.php` ndiyo ya kwanza kwenye orodha, na komiti nyingi zinasema "rekebisha riba", "rekebisha riba tena". `ujumbeWaKosa` imeguswa mara mbili tu tangu izaliwe, naiacha.

Masharti ya chama nimeyapata kwa katibu. Kumbe mpangilio wa kwenye programu ni riba kwanza ndipo adhabu, kinyume na kifungu! Kwa hiyo kama alivyosema Bi Saada, nahifadhi kosa kwanza na kumwandikia meneja?

Na mawili ya mwisho. Bosi ameweka PHPMD kwenye njia ya kupandisha, ikipiga kelele hakuna kinachopanda, na kelele za zamani ni nyingi mno. Pia sijui pa kuweka transaksheni ya hifadhidata (mabadiliko yanayofanikiwa yote au kufutwa yote) nikishapasua, maana sasa hivi inaanza mstari wa 60 na kuishia wa 390, na SMS iko katikati.

---

punda_wa_git

La PHPMD: endesha mara moja na `--generate-baseline`. Inaandika makosa yote ya sasa kwenye faili, na kuanzia hapo inalalamikia mapya tu. Sonar nayo unaweza kuiambia ihukumu msimbo mpya peke yake. Bosi atabaki na geti lake, na nyie mtaendelea kupandisha kazi.

---

bi_saada

Ndiyo, mwandikie leo, na ambatisha mifano miwili ya malipo halisi yenye hesabu zote mbili, ya programu na ya kifungu. Mwanachama aliyemaliza mkopo kwa mpangilio ule huenda anadai au anadaiwa, na hilo watalitaka mkaguzi na kamati, usilibebe wewe. Kwenye msimbo, `gawaMalipo` ianze na riba kama ilivyo sasa. Wakikubali, utabadilisha mpangilio wa mistari hiyo minne tu, na majaribio yatakuonyesha salio za nani zimehama.

Transaksheni ikae kwenye methodi ya nje, ile itakayobaki na jina la `chakataMarejesho`: tafuta mkopo na uufunge kwa `lockForUpdate()`, ita `gawaMalipo`, andika daftari, funga transaksheni. SMS itoke baada ya hapo, kwenye foleni. Ikitumwa katikati halafu hifadhidata ikagoma, mwanachama atakuwa na ujumbe wa malipo ambayo daftari halina. Na weka kizuizi cha kipekee kwenye namba ya muamala, ili mtandao ukirudia ujumbe ule ule hifadhidata yenyewe iukatae, usitegemee `if` peke yake.