Tupeane uzoefu: Mkusanyaji, Jenerali au Mvumbuzi kwenye OGame (wadau wa Nakuru, Kisumu na Magharibi)

Section58_Nakuru
Wadau, wageni wanazidi kuingia OGame, ule mchezo wa mtandaoni wa vita vya anga, na swali ni lile lile: nichukue fani gani, Mkusanyaji wa migodi, Jenerali wa vita au Mvumbuzi wa safari? Ya kwanza ni bure, kubadilisha baadaye kunalipiwa maada nyeusi (sarafu ya mchezo), kwa hivyo afadhali upige hesabu mapema. Leteni takwimu, majigambo tuyaache kwa soka.

Naanza na saa, maana wengi huiruka. Kwenye seva inayofuata saa za Ujerumani, sisi tuko mbele kwa saa mbili wakati wa baridi yao na saa moja wakati wa kiangazi. Wao hugeuza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, sisi hatugeuzi. Wachezaji wa Ulaya wanaoficha meli usiku kucha, yaani kuzituma safarini zisikutwe zimeegeshwa, huzirudisha kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi kwao. Wakati wa baridi hapo ni saa mbili hadi saa nne asubuhi Nakuru. Jenerali anaishi kwa kugonga meli sekunde chache baada ya kutua. Kama saa hizo uko darasani au dukani na wateja, asilimia mia ya kasi ya ziada kwa meli za vita haitakusaidia kitu.

Dunga_Beach
Kweli kabisa. Niongeze upande wa Jenerali.

Faida kubwa ya vita iko kwenye mabaki, si ngawira. Ngawira ya kawaida ni nusu ya rasilimali zilizolala kwenye sayari. Mabaki, kwenye seva nyingi, ni asilimia 30 ya metali na fuwele za meli zilizolipuka, deuteri (mafuta ya meli) haihesabiwi. Kruza moja (meli ya vita ya kati) ni metali 20,000 na fuwele 7,000, kwa hivyo inaacha 8,100. Bila meli za kuokota, mwingine atakuja kuvuna ulichoangusha wewe. Kila moja hubeba 20,000 kabla ya nyongeza za utafiti.

Na msidanganyike na kruza. Uwezo wake wa kurudia risasi dhidi ya faita nyepesi (meli ndogo ya bei rahisi) ni 6, yaani kila ikipiga faita ina nafasi tano kwa sita ya kufyatua tena. Lakini shabaha huchaguliwa kwa bahati. Adui mwenye manowari tupu bila faita, kruza yako inafyatua mara moja kwa kila raundi, na raundi ni 6 tu. Ndiyo maana tunapeleleza kabla ya kupeleka. Faita nazo zina nguvu 50 tu: risasi iliyo chini ya asilimia moja ya ngao inadunda, kwa hivyo kuba kubwa la ulinzi lenye ngao 10,000 hazilikwaruzi mpaka utafiti wa silaha upande.

Mvua_ya_Kakamega
Huku radi ikianza alasiri stima inaenda, na simu ikiwa na asilimia kumi ndio basi. Mimi upande wangu ni Mkusanyaji tu.

Mgodi wa metali ngazi ya 25, seva ya kasi moja, unatoa kama 8,100 kwa saa. Nyongeza ya fani ni asilimia 25, kwa hivyo kama 2,000 zaidi. Ukilala kwa muda wa saa tisa, jumla ni takriban 91,000. Meli kubwa ya mizigo hubeba 25,000, na kwa Mkusanyaji 31,250: tatu zinatosha kuondoa mavuno hayo ya metali. Fuwele na deuteri zipigie hesabu yake.

Kosa la wachimbaji wengi ni setilaiti za jua. Wanaona ni umeme rahisi, wanajenga 1,000 kwenye sayari isiyo na ulinzi. Kila setilaiti ni fuwele 2,000, nazo huingia kwenye mabaki. Hizo 1,000 ni fuwele 600,000 zinazoning'inia nje, na mshambuliaji anahitaji meli 30 tu za kuokota. Hata ghala likiwa tupu atakuja. Panda na mtambo wa jua hadi gharama ianze kuuma, kisha mtambo wa fusheni.

Webuye_Falls
Ndugu Mvua, lakini uchimbaji peke yake unachosha.

Mvumbuzi ana safari mbili za ziada za uchunguzi kwenda nafasi ya 16, anga tupu mwisho wa kila mfumo wa nyota. Safari za kawaida hutokana na utafiti wa astrofizikia: ngazi ya 4 ni mbili, ya 9 ni tatu, ya 16 ni nne. Kwa hiyo ngazi ya 9 na fani hii ni tano. Ila kila safari inakula nafasi moja ya kikosi, na nafasi hizo ni ngazi ya utafiti wa kompyuta kujumlisha moja. Mtu mwenye kompyuta ngazi ya 5 akituma safari tano amebaki na nafasi moja, akishambuliwa hana pa kukimbizia sayari nyingine. Pandisha kompyuta kwanza.

Msirudierudie mfumo mmoja wa nyota, kinachopatikana hupungua. Na kuna nafasi ndogo ya kikosi kizima kumezwa, kwa hivyo usipakie meli zako zote. Halafu walioacha kucheza: Mvumbuzi huwanyang'anya asilimia 75 badala ya 50. Kwa mtu wa bando la usiku hapo ndipo penye ugali.

Kijana_wa_Kondele
Na kuficha meli kama sayari yako haina mwezi inakuwaje?

Section58_Nakuru
Vigumu, kaka. Rada ya adui iliyojengwa mwezini inaona safari za sayari, haioni za mwezi kwa mwezi. Rada ya ngazi ya 5 inafika mifumo 24 kila upande.

Mwezi hutafutwa hivi: kila 100,000 za mabaki ya vita ni asilimia 1 ya nafasi ya mwezi kuzaliwa, mwisho 20. Kwa mabaki ya asilimia 30, faita nyepesi 1,667 zikilipuka zinatoa 2,000,400. Hapo andaa meli 101 za kuokota, 100 zinaacha 400 nje.

Dunga_Beach
Kondele, ukishapata mwezi, la kuangalia ni kurudisha. Ukituma meli kuhamia mwezi wako mwingine kisha ukairudisha baada ya saa tano, itachukua saa tano kurudi. Watu hurudisha asubuhi wakidhani itafika papo hapo. Na stima ikikatika kabla hujairudisha, itatua kule na kukaa wazi. Tuma kwa kasi ya asilimia 10, safari izidi usingizi wako kwa saa mbili tatu.

Mvua_ya_Kakamega
Na mkienda ushago Disemba, washeni hali ya likizo ya mchezo. Haikubali kuwaka kikosi kikiwa safarini, na ikiwaka ni saa 48 kabla ya kuizima.